Mrejesho: Upasuaji wa jicho la mama uliosimamishwa katikati

Ndugu zangu, mwezi uliopita niliuliza kwa nini upasuaji wa mtoto wa jicho wa mama yangu, hapa Dar es Salaam, ulisimamishwa ghafla jicho lilipokuwa gumu. Nawashukuru nyote mlionijibu. Daktari ametueleza kwamba maji yanayotiririshwa jichoni wakati lenzi yenye ukungu inavunjwa yalipenya kati ya nyuzi nyembamba zinazoishikilia, yakajikusanya nyuma yake na kuisukuma mbele, hadi nafasi iliyopo kati yake na konea (utando angavu ulio mbele ya jicho) ikakaribia kwisha. Ni tukio la nadra. Kwanza alichunguza nyuma ya jicho kuhakikisha kwamba hakuna damu inayovuja huko, kwa kuwa dalili za hali hizo mbili hufanana, na hatari ya kuvuja damu ni kubwa zaidi. Kisha akaagiza dripu ya manitoli, dawa inayopunguza maji jichoni, akasubiri. Kusubiri huko, ambako mimi niliyekaa nje nilikudhania uzembe (naumia kukumbuka), ndiko kulikoliokoa jicho. Alasiri presha ya jicho ilishuka, lenzi bandia ikawekwa. Jumapili mama aliisoma daladala ya Mbagala kabla yangu. Jicho la kushoto bado, na daktari atakayelifanyia ataelezwa haya yote mapema.