Mnaouza "roli za sarafu ambazo hazijafunguliwa" kwenye magrupu ya diaspora, acheni kuwapiga wenzenu!

Wakuu, habari za muda huu. Mods naomba uzi huu usihamishiwe kule kwenye matangazo, maana watu wanalizwa na wote tumekaa kimya.

Kuna mchezo umeingia kwenye magrupu ya WhatsApp ya Waswahili tulioko Marekani. Jamaa anapiga picha roli ya sarafu za nusu dola, karatasi imefifia imekuwa rangi ya chai, na kila ncha inachungulia Kennedy ya 1964, yaani nusu dola yenye sura ya Rais Kennedy, ya silva (madini ya fedha). Chini anaandika: "Imetoka kwenye sanduku la marehemu mzee mmoja wa Kizungu, haijafunguliwa tangu miaka ya sitini, ndani sijui kuna nini, bahati yako." Bei dola 160. Roli ya sarafu 20, ambayo benki ni dola 10!

Wiki iliyopita mama mmoja wa kwetu, anayekesha kwenye nyumba ya kulelea wazee, kaniletea ya kwake. "Mwanangu, wewe unazijua hizi, nifungulie." Nikaichana palepale mezani kwake. Ya kwanza 1964, silva kweli. Inayofuata 1972. Halafu 1974. Mara ikadondoka yenye miaka miwili, 1776–1976, ile waliyotoa kusherehekea miaka 200 ya uhuru wao, ina jengo la Independence Hall upande wa nyuma. Jamani, roli iliyofungwa miaka ya sitini imemezaje sarafu ya 1976? Zote za katikati zina ule mstari wa shaba ubavuni, yaani siyo silva. Ya mwisho, 1964 nyingine. Yaani silva mbili za kuvutia macho, na 18 ambazo ukizirudisha benki unapewa dola 9.

Mama aliniuliza tu, "Kwa hiyo hizi ni za kununulia mkate?" Nikakosa la kumjibu.

Sasa kwa wasiojua habari yenyewe. Mpaka 1964 senti 10, robo dola na nusu dola za Marekani zilikuwa na silva asilimia 90. Mwaka 1965 Rais Johnson akasaini sheria ya kuitoa. Senti 10 na robo dola zikabaki shaba na nikeli, nusu dola ikashushwa hadi asilimia 40, ikaenda hivyo mpaka 1970, na kuanzia 1971 za matumizi ya kawaida hazina silva kabisa. Sarafu za senti 5 nazo, wanazoziita nikeli, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, 1942 hadi 1945, kuna zenye silva asilimia 35. Unazijua kwa herufi kubwa ya kiwanda kilichoitengeneza, juu ya paa la jumba lililochorwa upande wa nyuma.

Watu wanaozisaka hawanunui kwa mtu. Wanaingia benki, wanaomba roli, wakipenda boksi zima la nusu dola, roli 50, dola 500, na wanalipa dola 500 hizohizo. Wanakaa usiku wanachambua, zisizofaa wanazirudisha, ila siyo kwenye tawi lilelile, maana mtunza fedha akikuona unaingia na ndoo ya sarafu ananuna. (Hao nao nina lao. Tangu uhaba wa chenji wa 2020 kuna matawi ukiomba nusu dola wanakuangalia kama umekuja kuiba. Siku nyingine.) Ukikosa silva umepoteza muda na mafuta ya gari, hela yako ipo palepale.

Ndiyo maana nasema huu ni wizi. Roli ambayo hakuna tapeli aliyeipanga iko benki kwa dola 10. Mtu anayekuuzia dola 160 anajua kilichomo, maana amekipanga mwenyewe! Karatasi tupu zinauzwa mtandaoni, kifaa cha kukunja ncha kinauzwa mtandaoni, kuna hata cha kufunga kwenye drili.

Kuna wengine wamekosa hata aibu ya kudanganya vizuri. Nimetumiwa picha ya roli ya senti moja moja, ncha moja imechungulia senti 10 ya zamani ya silva. Senti 10 ina upana wa milimita 17.9, senti moja ina 19. Mashine gani ya benki imefunga hivyo?

Na utetezi wao ni uleule: "Mimi sikusema ndani kuna silva." Hukusema, ukaiweka kwenye ncha zote mbili!

Mliokwisha kununua, msifungue kwanza. Wekeni kwenye mizani ya jikoni inayosoma gramu. Nusu dola 20 za silva asilimia 90 ni gramu 250, ukiacha karatasi. Za kawaida ni kama 227. Ukiweka silva mbili kwenye ncha na 18 za kawaida katikati unapata 229 hivi. Robo dola 40 ni hesabu hiyohiyo, 250 kwa 227. Senti 10 hamsini, 125 kwa 113. Mtu akikwambia "huenda zote ni 1964" mwambie akutumie picha ya mizani, uone atakavyokublock.

Na wanahamia kwingine hao. Juzi kuna mtu kaniuliza kama shilingi ya simba, ile ya mkoloni ya 1921 ya Mfalme George wa Tano, ni silva tupu, eti kaambiwa hivyo na muuzaji. Ni asilimia 25 tu, mkuu.

Wewe uliyemuuzia huyu mama, najua humu upo na jana ulikuwa unachangia kwenye uzi wa mpira. Mama hataki kesi. Anataka dola 160 zake, Kennedy zako mbili anazo, utarudishiwa. Njoo PM. Ukinyamaza, mazungumzo yenu yote pamoja na picha ulizomtumia nayamwaga hapa hapa.