Jua bandia la China: kesho mjadala unaendelea, nipeni hoja zisizoteleza

Kengele_Mbovu (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Kuna jamaa kwenye grupu letu ameshusha klipu fupi: ni usiku, watu wamejipanga ufukweni wameinua simu, kitu cheupe chenye mwanga mkali kinapanda angani, kelele za kushangilia. Chini kaandika "China yawasha jua lake". Ukibisha unaambiwa una wivu na China.

Hoja zake ni tatu. Video ipo na macho hayadanganyi. Halafu vyombo vya habari vikubwa viliandika kwamba jua hilo lina joto mara tano ya jua letu, kwa hiyo ndilo linalotuunguza siku hizi. Na mwisho, wataalamu wameshatangaza kupata nishati nyingi kuliko wanayoingiza, kwa hiyo anayelipia umeme ni bwege tu.

Naomba majibu ambayo mtu anaweza kuyakagua mwenyewe kwa simu. Hesabu zisizidi kuzidisha na kugawanya. Akiona alama ya kipeo tu anasema namzungusha.

Fremu_kwa_Fremu

Anza na video, maana ndiyo iliyobeba mzigo wote. Klipu za namna hiyo zilisambaa sana mwanzoni mwa 2022, na ilikuwa ni roketi: Long March 7A, iliyorushwa Desemba 23, 2021 kutoka Wenchang, kisiwani Hainan. Wiki moja baadaye, Desemba 30, mtambo wa Hefei unaoitwa "jua bandia", kwa kuwa ni wa majaribio ya kuunganisha viini vya atomu ili kupata nishati kama jua linavyofanya, ukaweka rekodi, habari ikatoka, mtu akaoanisha picha ya huku na kichwa cha habari cha kule. Ndoa ikafungwa bila mahari.

Lakini usimwambie tu "ni roketi", maana utakuwa umempa neno lako dhidi ya lake. Fanya hivi. Pakua klipu kwa mtu wa kwanza kuituma kadiri unavyoweza kumfikia, kwa sababu kila inapopakiwa upya inabanwa na kupoteza ubora. Ifungue kioo kizima, isimamishe, piga picha ya skrini sehemu tatu: mwanga ukiwa bado chini karibu na upeo wa macho, ukiwa katikati, na pale inapoonekana miti, mnara au jengo lolote. Hiyo ya tatu ndiyo dhahabu. Kosa la wengi ni kupiga picha pale mwanga unapong'aa zaidi, na hapo unachokitafuta ni doa jeupe kwenye giza. Mtandaoni madoa meupe yako mamilioni.

Kata maandishi, emoji na nembo za TikTok, kisha tafuta picha kwa Google Lens. Ikikosa, jaribu Yandex na TinEye. Bado hola? Igeuze kushoto-kulia kama kwenye kioo na utafute tena. Waliopakia upya hupenda kuigeuza ili isikamatwe. Ukipata matokeo, usiende na yenye watazamaji wengi. Tafuta yenye tarehe ya zamani zaidi. Ikitangulia habari inayodaiwa kuionyesha, mjadala umekwisha.

Ndani ya klipu yenyewe kuna ushahidi pia. Tazama mkia: roketi huacha moshi au mwali nyuma yake. Tazama ukubwa: kitu kinachopanda kwenda mbali kinazidi kuwa kidogo. Sikiliza sauti: sauti husafiri kama mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo muungurumo hufika kwa kuchelewa sekunde 3 kwa kila kilomita. Hesabu tangu mwanga unapotokea hadi muungurumo unapoanza. Ikiwa wameweka muziki juu yake, jiulize kwa nini mtu aliyerekodi jua jipya likizaliwa aliona sauti yake haifai.

Mzuka_wa_Saketi

"Macho hayadanganyi." Kweli, ila haya ni ya kuazima.

MlinziWaSumaku

Naongezea jiografia, maana haihitaji hesabu. Mtambo unaitwa EAST, uko Hefei, mkoa wa Anhui, bara kabisa. Bahari hakuna. Ziwa lipo, Chaohu, kwa hiyo akija na hoja ya ziwa usishtuke. Mwambie tu mtambo uko ndani ya jengo. Ni dude la chuma lenye kimo cha takribani mita 11, kipenyo cha mita 8 na uzito wa tani 400. Halipai. Halina hata sababu ya kupaa.

Umbo la chumba chake cha ndani ni kama andazi lenye tundu katikati. Ndani yake kuna gesi iliyochemshwa mpaka elektroni zikaachana na viini vyake, ndiyo plazima, na imezungushiwa sumaku zenye nguvu ili isiguse ukuta. Sumaku zenyewe zimepozwa kwa heliamu ya kimiminika hadi karibu nyuzi 269 chini ya sifuri. Yaani kati ya sehemu yenye joto kali zaidi na sehemu ya baridi kali zaidi kuna umbali wa hatua chache tu za mtu mzima. Hiyo ndiyo habari ya kushangilia ufukweni, kama kweli tunataka kushangilia.

Rekodi zake: Desemba 30, 2021 ilishikilia plazima sekunde 1,056, joto la elektroni likiwa kama nyuzi milioni 70. Katikati ya jua letu ni kama milioni 15. Gawanya, utaona "mara tano" ya magazeti ilikotoka. Januari 2025 ikafika sekunde 1,066. Mwezi uliofuata mtambo wa WEST wa Ufaransa ukafika 1,337. Hilo la WEST ni zuri kwa anayedhani hii ni ligi ya timu moja.

Bisha_Hodi

Samahani wakuu, hapa wote mnatuzuga. Nyuzi milioni 70 ndani ya chuma? Chuma kinayeyuka kwenye 1,500 na ushee. Ama joto ni uongo ama mtambo ni uongo. Chagueni.

MlinziWaSumaku

@Bisha_Hodi swali zuri, na ndilo jibu la hoja ya pili ya jamaa. Joto kwa maana ya nyuzi na joto kwa maana ya kiasi ni vitu viwili.

Mtazame fundi anayenoa panga kwenye jiwe la umeme. Zile cheche zina nyuzi zaidi ya elfu moja, zinamrukia mkononi na anaendelea na kazi. Mmwagie kikombe cha maji ya nyuzi 100 uone. Cheche ina nyuzi nyingi ila uzito wake ni kama haupo, kwa hiyo haina kiasi cha joto cha kukuunguza. Plazima ni cheche iliyozidishwa: ni nyembamba kuliko hewa tunayovuta mara laki kadhaa. Hata ITER, mtambo mkubwa unaojengwa Ufaransa wenye nafasi ya plazima ya mita za ujazo 840, ukiwaka utakuwa na chini ya gramu moja ya fueli ndani kwa wakati mmoja.

Ndiyo maana haulipuki wala haukimbii. Sumaku zikiyumba, plazima inagusa ukuta, inapoa, inazimika. Usielewe kwamba haina madhara: ikizimika kwa kishindo inachubua na kuyeyusha vigae vya ukutani, na hicho ndicho kinachowanyima wahandisi usingizi. Ila hasara inabaki chumbani.

Bisha_Hodi

Haya, cheche nimeikubali. Ila mbona wahitaji kulizidi jua mara tano? Jua lenyewe linaungua vizuri tu na milioni 15.

Mzuka_wa_Saketi

Kwa sababu jua ni vivu. Sitanii. Katikati yake, kila mita ya ujazo hutoa wati mia tatu hivi. Binadamu aliyekaa tu hutoa kama wati 100 kutoka kwenye mwili wa mita za ujazo 0.07, gawanya upate wati 1,400 kwa mita ya ujazo. Ujazo kwa ujazo, mjomba aliyelala kwenye kochi analishinda jua mara nne na zaidi. Jua linashinda kwa ukubwa tu, na kwa mgandamizo wa uzito wake mwenyewe unaosukuma viini vikaribiane. Sisi mgandamizo huo hatuna, kwa hiyo tunafidia kwa joto.

Juli_na_Uniti

Nachukua hoja ya tatu, kwa sababu ndiyo yenye ukweli nusu, na ukweli nusu ndio unaokuangusha mjadalani.

Ni kweli kuna tangazo. Lakini si la China wala si la EAST. Ni la maabara ya Lawrence Livermore, California, kuhusu jaribio la Desemba 5, 2022. Walielekeza miale 192 ya leza kwenye kidonge cha fueli ya haidrojeni chenye ukubwa wa punje ya pilipili manga. Leza zilifikisha megajuli 2.05, kidonge kikatoa 3.15. Hapo faida ipo, na ni ya kihistoria, usimbishie.

Sasa muulize: zile leza zilikula kiasi gani kutoka kwenye waya? Takribani megajuli 300. Uniti moja ya umeme ni megajuli 3.6. Kwa hiyo walichovuta ni kama uniti 83, walichopata hakijafika hata uniti moja. Kuchemsha lita moja ya maji kutoka nyuzi 20 kunahitaji kama megajuli 0.335, ile 3.15 inachemsha lita tisa na kidogo. Ndoo haijai.

Na hiyo 3.15 ilitoka kama joto na nyutroni. Kuigeuza umeme unapoteza zaidi ya nusu. Kituo cha kweli kingehitaji kulenga vidonge kama kumi kila sekunde, mchana na usiku.

Swali la kumbana, lifanye liwe moja tu: "Mpaka wa hesabu umeuchora wapi?" Ukiuchora kwenye kidonge, faida. Ukiuchora kwenye mita ya umeme, hasara kubwa. Ujanja huohuo uko kwenye ITER: lengo lake ni megawati 500 kutoka kwenye megawati 50, lakini hizo 50 ni zile zinazoingia kwenye plazima tu, sumaku na mashine za kupoza hazimo. Wala haina jenereta. Na kwa ratiba iliyotangazwa 2024, kuchoma fueli yenyewe, mchanganyiko wa diuteriamu na tritiamu (aina mbili za haidrojeni nzito), kutaanza 2039.

Mzuka_wa_Saketi

Kwa hoja ya kuunguzwa: jua la saa sita mchana kwenye kilomita moja ya mraba humwaga karibu megawati 1,000. ITER ikifanikiwa kila kitu itatoa 500. Mwambie akavue bati kwanza ndipo alaumu Hefei.

Fremu_kwa_Fremu

Na akikuambia una wivu na China, usijitetee. China ni mwanachama wa ITER pamoja na Umoja wa Ulaya, India, Japani, Korea Kusini, Urusi na Marekani. Wivu wa nani kwa nani?

Kengele_Mbovu

Wakuu mmenimaliza. Nimeandaa hivi, mnikosoe kabla sijatuma:

"Video ni roketi. Jua bandia ni mtambo ulio ndani ya jengo Hefei, rekodi yake ni sekunde 1,066. Lina nyuzi nyingi lakini halina kiasi cha joto cha kuiunguza dunia. Na hakuna duniani aliyewahi kupata nishati zaidi ya aliyoingiza."

Juli_na_Uniti

Sentensi ya mwisho itakuua. Ataleta 2.05 na 3.15, na atakuwa sahihi. Andika: "Hakuna mtambo wa muunganiko wa nyuklia uliowahi kutoa umeme mwingi kuliko uliovuta kwenye waya." Hapo hana pa kutokea.

Fremu_kwa_Fremu

Na "Video ni roketi" iondoe mwanzoni. Tanguliza ile klipu ya zamani uliyoikuta, tarehe yake ionekane, bila neno lolote. Subiri dakika mbili. Ndipo maandishi yafuate.

Kengele_Mbovu

Nimeipata ya Desemba 23, hata mnazi wa kushoto ni uleule. Nimeshindwa kusubiri kesho, nimetuma yote. Pale juu pameandikwa "anaandika…" dakika ya sita sasa.