Nyumba ya mawe Mji Mkongwe: ruta moja kubwa, meshi, au nini?

MtuWaMalindi
Wakuu, salaam. Naishi na wazee wangu Malindi, Mji Mkongwe, kwenye nyumba ya zamani ya mawe ya matumbawe na chokaa. Jana nimepima ukuta pale dirishani: sentimita 58. Faiba imeingia chini karibu na mlango wa mbele, kifurushi ni Mbps 50. Nikikaa hapo hapo ukumbini napata 47. Nikivuka ukuta mmoja tu, chumbani kwa baba, 9. Juu kwa mama ni 1, na mara nyingine hakuna kitu. Kila Ijumaa anazungumza kwa video na dada yake aliyeko Maskati, na kila Ijumaa sura inaganda.

Nimebaki na njia tatu: ruta moja ya Wi-Fi 6 (kizazi cha sita cha Wi-Fi) yenye antena sita, meshi (vifaa kadhaa vinavyosaidiana kueneza Wi-Fi moja nyumba nzima) ya vipande viwili au vitatu, au zile adapta zinazopitisha intaneti kwenye nyaya za umeme. Dukani wananisukumia ya kwanza. Nyumba imo ndani ya eneo la hifadhi, kwa hiyo sitaki kutoboa kuta.

FundiWaya
Mkuu, ya antena sita achana nayo. Wi-Fi 6 inahudumia vizuri vifaa vingi kwa wakati mmoja, lakini haiongezi uwezo wa kupenya jiwe. Tena Wi-Fi hutumia masafa ya 2.4 GHz na 5 GHz; kasi kubwa zinazoandikwa kwenye boksi ni za 5 GHz, na 5 GHz ndiyo inayokwama mapema ukutani. 2.4 inapenya zaidi ingawa ni ya polepole. Na kumbuka simu nayo inarusha. Ruta ikipaza sauti namna gani, simu ya mama bado inanong'ona, na bila pande mbili kusikiana hakuna mazungumzo. Kuta zenu zikiwa na unyevu ndiyo mbaya zaidi, maji yanameza mawimbi.

Dada_Kigamboni
Mimi natumia adapta za umeme mwaka wa pili sasa, sijajuta. Unachomeka moja karibu na ruta, nyingine chumbani, basi. Hutoboi chochote.

Mlamu
Meshi ni nzuri, lakini angalia unaiweka wapi. Kwetu Lamu tulianza kwa kukiweka kipande cha pili ndani ya kidaka (shubaka la ukutani), kilipendeza macho, ila jiwe lilikuwa nyuma, kushoto, kulia na juu yake. Kikawa kinapokea mabaki tu na kugawa mabaki. Tukakihamishia kwenye uwazi wa kiwanda (ua wa ndani ya nyumba), kikaelekeana na cha kwanza bila ukuta katikati, hapo tukapumua. Vipande vya meshi vinaongea hewani vyenyewe kwa vyenyewe. Ukuta unaoishinda simu unavishinda na vyenyewe. Ripita (vifaa vya kurudia mawimbi ya ruta) za bei rahisi ndiyo kabisa usiguse, nyingi zinapokea na kurusha kwa redio ileile, kasi inakatika kama nusu.

FundiWaya
@Dada_Kigamboni zinafanya kazi dada, sikatai, ila zinategemea nyaya. MtuWaMalindi, juu na chini mnatumia mita moja ya umeme?

MtuWaMalindi
Mbili. Juu kulikuwa na mpangaji zamani.

FundiWaya
Basi adapta usizitegemee, nyaya za juu na za chini zimetengana. Vuta kebo ya mtandao, Cat6. Najua umesema hutaki kutoboa, na huhitaji kutoboa: fuata ngazi, pita kwenye pembe ya ukuta na boriti, tumia matundu ya nyaya za umeme yaliyopo. Kebo inafika mita 100, nyumba yako haimalizi hata nusu. Juu weka kipande cha meshi kilichounganishwa kwa kebo hiyo. Kuna meshi ya TP-Link, Deco E4, milango yake ya kebo ni Mbps 100, kwa kifurushi cha 50 inatosha. Ukifikiria kupanda zaidi ya 100 siku za mbele, chukua Deco M4, milango yake ni ya gigabit (Mbps 1000). Vipande viwili tu, cha tatu usinunue kwanza. Pesa iende kwenye kebo ya shaba tupu, siyo ile ya aluminiamu iliyopakwa shaba.

Dada_Kigamboni
Kwa mita mbili za umeme nakubaliana na fundi.

MtuWaMalindi
Wakuu, mrejesho. Nimechukua M4 vipande viwili na kebo mita 30. Tumepitisha ngazini pamoja na mjomba, saa tatu za kazi, na tundu jipya halikutobolewa hata moja. Kipande cha juu kipo juu ya kabati, mbele ya mlango wa mama. Kwake sasa 46. Jana ilikuwa Ijumaa. Wameongea saa nzima na nusu, mpaka mama mkubwa akamwonesha mwembe alioupanda uani.

Kwa baba bado 9. Mlango wake ukiwa wazi inafika 20.

Mlamu
Ruta ya chini ipo nyuma ya TV?

MtuWaMalindi
Ndiyo.

Mlamu
Itoe hapo, ipandishe juu, iukabili mlango wa mzee. Ukiona bado, ndipo ufikirie kipande cha tatu.