Naomba ushauri: nimeteguka mguu njiani kwenda Namugongo

Tumsifu Yesu Kristo, ndugu zangu. Tumetoka Bukoba kwa miguu, tukavuka mpaka wa Uganda pale Mutukula, na leo tumelala Masaka. Mbele yetu kuna zaidi ya kilomita 120, na sikukuu ya Mashahidi wa Uganda, tunayokwenda kuhiji Namugongo, ni Juni 3.

Juzi nilikuwa nakwepa lori, nikakanyaga vibaya ukingo wa lami, mguu wa kushoto ukapinda. Kifundo kimevimba na upande wa nje umevilia damu. Nikikanyaga naenda hatua kadhaa, ila asubuhi maumivu ni makali mno. Nimefunga bandeji na kukanda kwa maji baridi. Malengelenge ya kisigino hayo nayavumilia.

Mama mmoja kundini anataka kunichua kwa mafuta ya moto. Naogopa, nasikia kuchua mguu uliotoka kuteguka huzidisha uvimbe. Ni kweli? Nipumzike siku mbili niendelee, au nikapige eksirei kwanza?

Mama yangu alipougua niliweka nadhiri ya kutembea njia yote. Kupanda gari kunaniuma kuliko mguu wenyewe. Je, padre anaweza kunibadilishia nadhiri? Mliowahi kuumia njiani, mlifanyaje?