Vidonge vya mama watoto, kutoka Wete mpaka Dar

Assalaamu alaykum jamaa zangu,

Kuna dada aliuliza vipi mtu aliyeko Uingereza atamfikishia mgonjwa wake dawa ya kansa Pemba. Nilimuahidi nitaandika nikitulia. Sijatulia, lakini naandika.

Mama watoto yuko Wete. Ana saratani ya damu ile ya polepole, CML, anameza imatinibu ya miligramu 400, kidonge kimoja kwa siku baada ya chakula na gilasi kubwa ya maji. Ramadhani anameza akishafuturu. Dawa yenyewe inaushika ugonjwa usisambae, na ukiiacha hovyo unaamka tena. Ndo maana zile siku tisa alizokaa bila kidonge zilinitoa roho.

Vilibaki kumi alipoondoka nyumbani. Alfajiri gari ya Chake, kisha Mkoani, boti mpaka Unguja, kesho yake boti nyingine mpaka Dar. Dirishani pa dawa hospitali akaambiwa barua yake ya rufaa imepitwa na muda, arudi alikoitoa. Akarudi Unguja. Daktari wa kusaini yuko safarini. Barua ilipotoka, jina la babu halimo, na faili la Dar lina majina matatu. Basi akaanza upya! Siku moja alinipigia amekaa kwenye benchi, nyuma yake nasikia mtu anaita nambari. "Usijali," akanambia, "leo nimepata kivuli." Nilikuwa kazini, nikajifungia stoo nikalia.

Na baadaye nikagundua kuwa vilipobaki vitatu alianza kumeza kimoja kwa siku mbili ili avifikishe mbali. Hakunambia. Msikubali hilo, waulizeni wagonjwa wenu hata wakikasirika.

Najua mtasema, si ungempelekea tu? Hapa England mgonjwa wa kansa halipii dawa tangu 2009, lakini cheti cha dawa ni cha mgonjwa mwenyewe aliyesajiliwa hapa, mie siwezi kuchukua kwa jina lake. Kutia kwenye begi la mtu anayekwenda nyumbani nako kuna maswali forodhani, maana Zanzibar ina wakala wake wa chakula na dawa na bara wana mamlaka yao. Ulizeni kabla, pande zote mbili mtakazopita.

Bei haituumizi kama ilivyowaumiza wa zamani. Mwaka 2013 Mahakama ya Juu ya India iliikatalia kampuni ya Novartis hataza ya dawa hii, yaani haki ya kuitengeneza peke yake, na viwanda vya kule vinatengeneza zao kwa bei nafuu sana. Kinachotuchelewesha ni karatasi.

Sasa tunafanya hivi. Vikibaki ishirini, safari imeanza, hatungoji kumi. Barua, cheti na majibu ya kipimo cha damu cha kila miezi mitatu tunavipiga picha vyote, na majina yanafuata kitambulisho chake herufi kwa herufi. Halafu shemegi yangu aliyeko Ilala anakwenda mwenyewe dirishani kuuliza kama dawa ipo, kabla mtu hajapanda boti. Simu hawapokei, msijisumbue.

Jambo dogo: balungi marufuku, linachezea kiwango cha dawa mwilini. Mama mkwe alikuwa akimletea kikapu kizima kutoka shamba, kwa mapenzi. Kumweleza kulinichukua simu tatu.

Wenu, Milton Keynes

---

Wa alaykum salaam kaka. Pole sana, na umpe pole wifi. Mie ndo niliyeuliza. Mgonjwa ni mume wangu, yuko Chake, dawa hiyo hiyo. Nyumba yetu ya bati, mchana ndani hakukaliki. Dawa haiharibiki? Anaiweka juu ya friji.

---

Dada, aishushe leo leo. Isipite nyuzi 30, na juu ya friji kuna joto la mashine. Ndani ya friji nako asiweke. Mama watoto anaiweka kwenye kasha la nguo chini ya kitanda, ndani ya pakiti yake vile vile, chumba kisichopigwa na jua la jioni. Na muulize mumeo vimebaki vingapi, avihesabu ukiwa kwenye simu. Vyetu leo ni ishirini na mbili. Shemegi anakwenda dirishani Jumatatu.