Ushauri: Tuunganishe sanduku lililobaki na nyaraka za babu zilizoko maktaba?

Mkwe wa Ughaibuni (mleta uzi)
Ndugu wanajukwaa, naomba ushauri kuhusu jambo linaloigusa familia ya mke wangu hapa Marekani. Babu yake alipigana Ujerumani mwaka 1945 akarudi na nishani ya Bronze Star, na miaka ya hamsini akawa mkuu wa ulinzi wa raia katika jimbo lake, kazi ya kuwaandaa wananchi kwa shambulio la nyuklia. Alipofariki, familia ilikabidhi masanduku kumi na moja ya nyaraka zake kwa maktaba ya chuo kikuu, lakini moja lilisahaulika nyumbani, na sasa mama mkwe, ambaye ni binti yake, ameniomba nilipange.

Ndani yake mna barua alizomwandikia mkewe kutoka vitani, pamoja na ramani ya mpango wa kuwahamisha wakazi wa jiji. Juu ya ramani hiyo amechora kwa penseli mshale wa upepo unaopita juu ya mji ule ule ambao watu wangekimbilia, kisha akaweka alama ya kuuliza kwa nguvu kiasi kwamba karatasi imetoboka. Tarehe ni Machi 1955, wiki chache baada ya serikali kueleza hadharani kwamba jaribio la Bravo, yaani bomu la haidrojeni la Marekani lililolipuliwa Bikini, visiwa vya Bahari ya Pasifiki, tarehe 1 Machi 1954, lilisambaza vumbi la mionzi katika eneo la kilomita za mraba zipatazo 18,000. Mwaka huohuo alikuwa akiwahakikishia wananchi redioni kwamba kuhama mapema kungewaokoa. Mama mkwe anaogopa kwamba ramani hii itamfanya baba yake aonekane mwongo, na anafikiria kuichoma. Roho yangu inakataa, ila huyo ni baba yake, si wangu. Tufanyeje?

Mtunza Nyaraka
Mkuu, tafadhali mwombe mama asichome chochote kwanza. Ripoti za ofisi za ulinzi wa raia zimejaa kwenye maktaba. Kinachoadimika ni karatasi inayomwonyesha kiongozi akifikiri peke yake. Mkumbuke pia moto wa Julai 1973 katika kituo cha taifa cha kumbukumbu za wanajeshi kule St. Louis, ulioteketeza mafaili ya wanajeshi kati ya milioni 16 na 18, yakiwemo takriban asilimia 80 ya mafaili ya askari wa nchi kavu walioacha jeshi kati ya 1912 na 1960. Huenda barua hizo zikawa sehemu kubwa ya kumbukumbu ya utumishi wake iliyobaki duniani. Ondoa taratibu vibanio vyenye kutu, usigandishe karatasi ndani ya plastiki, na kabla ya kutoa chochote kwenye bahasha andika kilitoka bahasha ipi, kwa sababu mpangilio wa mwenyewe nao ni ushahidi. Zile barua za mke na mume, mnaweza kuomba katika hati ya makabidhiano zifungwe kwa miaka mtakayokubaliana.

Afisa Uokoaji
Nimefanya kazi ya maafa kwa muda mrefu, na nasema kwa heshima zote kwa mama: mpango usiotiliwa shaka na aliyeuandaa ndio unaoua watu. Swali langu ni moja tu, je, shaka ile aliipeleka kwa wakubwa zake? Tafuteni nakala zake za kaboni za miezi iliyofuata katika masanduku yaliyoko maktaba. Msimhukumu mzee kwa ramani moja, wala msimtetee kwayo.

Wakili wa Kijiji
Angalia kama ramani ina mhuri wa siri. Ikiwa nao, mjulishe mtunza nyaraka kabla ya kuisambaza picha yake. Halafu, hakimiliki ya barua zake ambazo hazikuchapishwa hudumu miaka 70 baada ya kifo chake, na hubaki kwa warithi hata karatasi zikiwa maktaba, isipokuwa mkiihamisha kwa maandishi.

Mkwe wa Ughaibuni (mleta uzi)
Nawashukuru sana. Ramani haina mhuri wowote. Nimemsomea mama majibu yenu yote, na nilipofika kwenye swali la Afisa Uokoaji akaniomba nilirudie. Mwongozo wa maktaba unaonyesha jalada la barua kwa gavana la mwaka 1955, lililo wazi kwa wasomaji. Barua za kutoka vitani amesema zifungwe hadi atakapofariki yeye mwenyewe. Kuhusu ramani hajaamua, lakini ameirudisha kwenye bahasha yake, na Jumanne tunakwenda pamoja kulisoma jalada hilo.