Bima ya afya ya kampuni binafsi: faida iwekewe mpaka

Ndugu aliyefungua mjadala ameeleza kwamba kampuni ya bima inayotafuta faida hulazimika kuwahudumia watu vizuri, kwa sababu mteja asiyeridhika atahamia kwa mshindani. Hoja hiyo ina nguvu kwa muuza unga wa soko la Kenya, mtaa wa hapa Lubumbashi. Katika bima ya afya hapa kwetu Kongo (Kinshasa) haisimami, kwa kuwa mara nyingi anayeinunua na anayelazwa hospitalini ni watu wawili tofauti.

Sheria ya kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002 inamtaka mwajiri amtibu mfanyakazi pamoja na familia yake muda wote wa mkataba: daktari, dawa, upasuaji, kulazwa, hata miwani. Waliokulia katika kambi za Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, wanakumbuka wajibu huo ulivyotimizwa zamani, kampuni ikiwa na hospitali zake yenyewe. Siku hizi mkandarasi wa mgodini hununua mkataba wa bima, na tangu sheria ya tarehe 17 Machi 2015 ilipofuta ukiritimba wa SONAS, shirika la bima la serikali, ana kampuni kadhaa za kuchagua. Huchagua kwa kutazama bei. Kampuni nayo, ili ishushe bei na bado ibakiwe na faida, huweka ukomo wa malipo kwa mwaka, kipindi cha kungojea kabla uzazi haujaanza kulipiwa, na orodha ya magonjwa isiyoyalipia. Mfanyakazi ambaye hakuusoma mkataba huo, wala hakuutia sahihi, huambiwa tu kwamba bima imekataa, kana kwamba wajibu wa mwajiri umekwisha hapo.

Tuangalie meza ya mapokezi ya kliniki. Mke wa fundi wa kulehemu amefika na kadi yake, daktari ameagiza apigwe skana ya kichwa, karani amepiga simu kuomba kibali, na wote wanangoja jibu la daktari mshauri wa kampuni ya bima, ambaye hajamwona mgonjwa. Jibu likiwa hapana, ndugu wanaanza kuchangishana fedha pale pale kwenye korido. Simwiti huyo daktari mshauri mtu mbaya. Ninachokataa ni kuambiwa kwamba faida haigusi uamuzi wake, wakati kila kipimo kinachokataliwa kinabaki kuwa fedha ya mwajiri wake.

Wengine wamejibu kwamba shirika hilo la SONAS lilishika bima peke yake kwa karibu nusu karne bila kutufaa. Ni kweli, wala siombi turudi huko. Lakini Uswisi, ambako bima ya afya inauzwa na kampuni binafsi, kila mkazi analazimika kuwa na bima ya msingi tangu 1996, kampuni haiwezi kumkataa mwombaji kwa sababu ya ugonjwa wake, na hairuhusiwi kutengeneza faida katika bima hiyo. Faida hutafutwa katika bima ya nyongeza. Marekani nako, ambako biashara haichukiwi, sheria ya 2010 inazitaka kampuni zitumie angalau asilimia 80 ya michango, au 85 kwa mikataba ya waajiri wakubwa, katika matibabu na kuboresha huduma, na zisipofikia kiwango hicho zirudishe tofauti. Kanuni hiyo ina udhaifu wake, maana michango ikipanda, ile sehemu inayobaki kwa kampuni nayo inakua. Hata hivyo inamwezesha mwananchi kujua fedha yake imekwenda wapi.

Kwa hiyo napendekeza ARCA, mamlaka inayosimamia bima nchini, izilazimishe kampuni kutangaza kila mwaka ni kiasi gani cha michango kilichorudi kwa wagonjwa, na kila mfanyakazi apewe nakala ya mkataba. Muuza soko na mchimbaji mdogo, wasio na mwajiri, hawatafikiwa na hatua hiyo. Kwao naiona njia katika mifuko ya kusaidiana iliyowekewa sheria mwezi Februari 2017.

Wanaotetea faida bila mpaka naomba wanijibu jambo moja: mfanyakazi akifikia ukomo wa mkataba akiwa bado kitandani, ni nani atakayelipa siku zinazofuata?